Uyu hapana miye

Yule dada, msanii niliyempigia klipu, aliitazama yote kwa simu yangu, dakika tatu na kitu, tumekaa kwenye baraza ya duka moja kule Majengo, Goma, tunangoja mvua iishe, yeye anatazama skrini mi namtazama yeye, na ilipoisha akanirudishia simu akasema polepole, "Yaya, iko muzuri. Lakini uyu hapana miye." Yani huyu si mimi, na yaya kwetu ni ndugu mkubwa.

Hiyo ilikuwa 2019. Nilikuwa nimekesha usiku tatu nafanya montaji, kukata na kuunga picha, kwa laptop inayopata moto kama pasi, umeme unakuja saa saba usiku unakatika saa kumi, na moyoni nilikuwa najua hiyo ndio kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Kulikuwa na Prado ya kukodi. Kulikuwa na nyumba ya watu huko Himbi, bustani inashuka mpaka kwenye maji ya ziwa. Kulikuwa na wigi ya rangi ya asali. Yani kila kitu kilikuwepo, isipokuwa yeye.

Mnakumbuka ule mwaka. Innoss'B, mutoto wa hapa hapa Goma, alikuwa ametoa remiksi na Diamond Platnumz na ile klipu ilikuwa kwenye kila simu, kila salon ya nywele, kila nganda, yani kila baa. Sasa kila msanii wa Birere anakuja kwako na simu mkononi anakuonyesha, anasema nataka ka hii, na mfukoni ana dola 100. Sisi maralizatere, waongozaji wa klipu, tulikuwa tunaitika ndiyo, juu na sisi tulikuwa tunataka ka hii, tena kuliko wao.

Ila yeye hakusema anataka ka hii. Mi njo nilitaka. Alikuja na wimbo juu ya shangazi yake aliyemlea, mama anayeuza sambaza, visamaki vya ziwa, anayeamka saa kumi usiku kwenda ziwani kungoja pirogi, mitumbwi ya wavuvi, zirudi, na mi nikasikia biti, nikasikia besi inavyogonga, nikamweka mtoto wa watu ndani ya Prado. Maneno ya wimbo sikuyasikiliza. Ukiniuliza ile siku wimbo unasema nini ningekwambia "mapenzi". Aibu.

Na sema kweli nilikasirika. Nikamwambia dada, wewe imba, picha niachie mimi. Akanyamaza. Ni mdogo wangu kwa miaka saba na ananiita yaya, kwa hiyo hakubishana, na mi nikachukua ule ukimya kama amekubali, kosa ambalo nimeona relizatere wengi wanalifanya kwa wasanii wadogo, hasa wasichana. Tukaposti. Kwa mwezi mzima walitazama watu kama 800, nusu yao ni sisi wenyewe na binamu zake.

Muda ule nilikuwa napenda kupitapita Yole!Africa, kile kituo cha Petna Ndaliko, kutazama filamu na kusikiliza wakubwa wakibishana, na nyumbani nilikuwa namaliza mega zote za intaneti kutazama klipu za zamani. Mfano rapa Missy Elliott na relizatere wake Hype Williams, 1997, yule mama kavaa lile vazi jeusi limejazwa upepo kama mpira, na mbele yake lenzi ya jicho la samaki inayovuta uso. Niliitazama mara nyingi nikijiuliza, huyu mwanamke alikubalije? Ukimwambia msanii wa hapa avae hivyo atasema unanifanya kituko, mama yake atakupigia simu. Ama mwimbaji Björk na relizatere Michel Gondry, walianza 1993 na wakawa wanarudiana mara kwa mara mpaka zaidi ya 2010, na yule Gondry kumbe alikuwa mpiga drum kwenye bendi, alianza na klipu za bendi yake mwenyewe, kwa hiyo anasikia wimbo kutoka ndani, kwenye mikono. Ndugu yetu Baloji yeye, mzaliwa wa Lubumbashi, aliimaliza hii kesi kwa njia yake, ni rapa na klipu zake anaongoza mwenyewe, halafu akapeleka filamu Cannes 2023. Akigombana na relizatere anagombana na kioo. Sisi wengine lazima tupatane na mtu.

Basi ikaja 2021. Tarehe 22 Mei Nyiragongo, volkano yetu, ikatoka, jumamosi jioni, mbingu nyekundu, kila mtu na godoro kichwani. Ardhi ikaendelea kutetemeka siku nyingi, na tarehe 27 wakatuambia mitaa kumi ihame. Mi nikavuka mpaka kwenda Gisenyi, Rwanda, yeye na familia wakashika barabara ya Sake kwa miguu. Alilala kwenye darasa la shule na watu hata siwezi kuhesabu, na usiku mmoja akanitumia sauti WhatsApp. Sekunde kama 40. Haikuwa na maneno, alikuwa anavuma tu mdomo umefungwa, nyuma unasikia mtoto analia na mtu anakohoa.

Nikaisikiliza labda mara ishirini. Ilikuwa mara ya kwanza napewa wimbo ambao haujazaliwa. Kawaida relizatere unaitwa mwisho, wimbo umeshafungwa, umeshalipwa studio, wewe unapewa MP3 na tarehe. Hapa wimbo ulikuwa bado laini, unaweza kuukanda. Tukarudi Goma, akaenda studio na mimi nikaenda naye nikakaa kwenye kona kama mpelelezi, na katikati ya ubeti wa pili na kibwagizo nikasema, dada hapa usiimbe. Niachie sekunde nane. Mwenye biti akageuka kama nimemtukania mama, akasema wimbo hauna mashimo, watu watafikiri simu imekwama. Dada akafunga macho, akahesabu kwa vidole, akasema, "Tumuachie."

Sikuwa najua bado nitaweka nini kwenye hizo sekunde nane. Nilitaka tu zangu.

Tulienda kupiga Buhene, fasi lava ilisimama, mwanzo wa mwezi wa saba. Kama hujawahi kusimama juu ya lava mpya, ni nyeusi, ina mikunjo kama uji uliogandia kwenye sufuria, na mvua ikipita inafuka mvuke kwenye nyufa kwa sababu chini bado kuna moto. Kwa kamera ni mateso. Ukiacha kamera ipime mwanga yenyewe inaona nyeusi tupu, inafikiri ni giza, inaongeza mwanga, uso wa msanii unaungua na mbingu inakuwa karatasi. Lazima ushushe kwa mkono. Halafu yale mawe hayarudishi mwanga hata kidogo, saa sita jua liko utosini, macho yake yanakuwa mashimo mawili. Nilijaribu bati jipya kumrushia mwanga, akalia machozi. Tukamaliza na shuka nyeupe ya mama yake, watoto wawili wa pale wanashika pembe.

Nilikuwa na plan yangu, yeye mdogo katikati ya weusi, mlima nyuma, drone inapanda. Nimemsimamisha fasi nzuri kabisa. Akatokea mama mmoja, kikwembe kiunoni, anatembea juu ya ile lava bila kutazama chini, kama mtu aliye kwake.

"Munafanya nini juu ya nyumba yangu?"

Nikamwambia, jambo mama, samahani, tunapiga klipu.

"Juu ya nyumba yangu?"

Nikatazama chini. Mawe tu. Akaniambia mimi, hapana msanii, mimi mwenye kamera: "Wewe unasimama mu chumba ya batoto. Toka. Upite ku mulango."

Sikujua niende wapi. Msanii wangu ndiye alielewa haraka, akavua viatu, na mama akamgombeza palepale, "Vaa, utajikata!" Halafu wakaanza kuongea. Wakaongea saa nzima. Mi nakodolea saa, juu hapa kwetu jioni haingoji mtu, saa kumi na mbili jua limeanguka na dakika ishirini baadaye ni usiku, nimekodi drone kwa siku, motari ananingoja, na hao wawili wamekaa juu ya jiwe wanahesabiana majina ya watoto. Nikamwita mara mbili. Mara ya pili akanijibu bila kugeuka, "Yaya, weka chini kamera."

Siku ile hatukupiga kitu. Nilirudi nimenuna, nikalipa drone ya bure.

Usiku akanitumia sauti nyingine, dakika nne, ananieleza klipu. "Mama anatuonyesha nyumba. Hapa mlango, hapa salon, hapa jiko, hapa mashine ya kushona ilikuwa inasimama karibu na dirisha ipate mwanga. Na mi naingia kwa mlango, napita chumba kwa chumba, sichezi, siwezi kucheza juu ya nyumba ya mutu." Nikataka kukataa. Nilikuwa na sababu zangu tatu za kiufundi nimeshazipanga. Halafu nikajiuliza ningekuwa nimeota hii mwenyewe ningekataa? Ningeamka usiku kuiandika.

Tulirudi siku mbili baadaye, mama amekubali, amevaa kikwembe cha harusi. Drone sikuipandisha. Kamera ilikuwa inatembea pembeni yao kwa chukudu, ile skuta ya mbao ya kubebea mizigo, kwenye njia iliyokuwa imesawazishwa kidogo kando ya lava, na mwanzoni ilikuwa inatetemeka vibaya, magurudumu ya mbao yamefungwa mpira wa tairi lakini yale mawe hayana huruma. Mwenye chukudu alinitazama nikiteseka, mwisho akacheka akasema chukudu tupu inaruka ka mbuzi, ipakie. Tukaweka magunia mawili ya viazi juu yake, na mimi juu ya viazi. Ikatulia. Nina vitabu vya sinema kwa simu, hakuna kilichoniambia viazi.

Na kulikuwa na mchezo mwingine wa kizamani, nilitaka atembee polepole kama ndotoni lakini mdomo ufuate maneno. Unapiga fremu 50 kwa sekunde, baadaye unaicheza kwa 25, kila kitu kinapungua nusu, kwa hiyo pale unapopiga wimbo lazima upite kwenye spika kwa kasi mara mbili na msanii aimbe hivyo hivyo. Wimbo wa dakika 3 na sekunde 40 unaisha kwa dakika 1 na 50, sauti inakuwa ya panya. Alicheka mpaka akakaa chini. Mama akacheka, watoto wa shuka wakacheka, watu wa mtaa walikuwa wamekuja kutazama kwa huzuni wakakuta kichekesho. Alifanya mazoezi usiku mbili nyumbani. Hapo ndio unajua mtu anakuamini, akikubali kuonekana mjinga mbele ya mtaa mzima kwa kitu ambacho wewe peke yako unakiona.

Kwenye zile sekunde nane, mama anasimama mahali pa mlango, anatoa mkono, anazungusha funguo hewani, anasukuma. Tulipiga mara moja. Sikuthubutu kumwambia arudie.

Sasa njo tulifika kwenye jina. Mwisho wa klipu niliandika jina langu kubwa, peke yake, kama kawaida. Akapiga simu. "Yaya, na mama? Na miye?" Nikamwambia relizatere ni mmoja, dunia nzima iko hivyo. Kweli nilikuwa nafikiri lile jina ni kama kiti, mkikaa wawili kinavunjika. Nikakaa siku mbili bila kujibu. Siku ya tatu nikafungua montaji nikaongeza mstari, wazo ni la nani na la nani, na nyumba ya nani. Kiti hakikuvunjika. Mama yeye alitaka kitu kimoja, klipu iwekwe kwenye simu ya mjukuu wake, ile yenyewe, asitafute intaneti. Walitazama watu zaidi ya elfu sitini, na kwetu wakati ule bila hela ya matangazo hiyo ni sherehe.

Mtu angefikiri baada ya hapo tulikuwa sawa. Mwaka 2023 akaja prodyuza wa mji mwingine, anampa dada kontrati, na anataka rushi zote za nyuma, zile picha mbichi, awape watu wake watengeneze upya. Dada akaniomba disiki. Nikasema hapana. Disiki nimenunua dola 65, kamera ni yangu, mgongo ulioumia juu ya viazi ni wangu. Akasema uso ni wangu, sauti yangu, wimbo wangu. Na shida ni kwamba wote tulikuwa na haki, juu hatukuwahi kuandika kitu, hata mstari mmoja, miaka yote ile tulikuwa tunalipana kwa "utanipa", "tutaona", "sisi ni familia". Nimejifunza kuogopa hilo neno familia likitoka kabla ya bei.

Miezi minne hatukusemezana. Tukikutana kwa msiba tunasalimiana kama majirani.

Mwisho akaja mama yake kwangu. Hakutuma mtu, alikuja mwenyewe, kwa pikipiki, jumapili baada ya misa. Nikamletea kiti, nikamletea chai, akanywa chai yote kwanza. Halafu: "Mutoto yangu, iyo kisanduku ya picha unaiweka wapi?" Nikasema chini ya kitanda mama. "Na panya?" Nikasema hakuna panya. Akatazama nyumba yangu, akanitazama mimi. "Na ule mama wa Buhene, naye iko ndani?" Ndiyo mama. "Basi hapana yenu bawili."

Akaondoka. Hakuniambia nitoe wala nisitoe.

Tulinunua disiki ya pili nusu kwa nusu, tukakopi usiku mmoja tumekaa sakafuni, mwanzoni kimya, saa ya tatu akaanza kucheka aliponiona kwenye rushi nimeanguka na kamera. Palepale tukachukua daftari ya shule tukaandika. Nusu ya hela kabla ya kukodi chochote. Marekebisho matatu, la nne analipa. Rushi kopi mbili, moja kwake moja kwangu, na hakuna anayempa mtu wa tatu bila kumuuliza mwenzake. Pasiwedi ya YouTube wote wawili tunaijua. Ila mstari ninaoupenda aliuandika yeye kwa bik nyekundu, ana haki ya kusema "uyu hapana miye" mara moja kabla hatujapiga na mara moja baada ya montaji ya kwanza, bila kutoa sababu. Na mi nikaandika ya kwangu, siitwi tena wimbo ukishafungwa.

Kuhusu yule prodyuza sina mengi. Walipiga klipu moja. Wigi ilirudi.

Mwisho wa Januari 2025 vita vikaingia mjini, sitaeleza, mliokuwepo mnajua na msiokuwepo mlisikia. Benki zikafungwa, uwanja wa ndege ukafungwa, drone hata kuitaja ni kutafuta matatizo. Yeye sasa yuko Kampala kwa ndugu. Tunafanya kazi kwa sauti za WhatsApp, kama wakati wa Sake, ila sasa ni mimi niko nyumbani. Na juzi akaniambia anataka turudie ule wimbo wa kwanza, wa shangazi, ameuimba upya na gita moja tu. "Safari hii sitakuwa mu klipu hata kidogo," akasema, "kwa hiyo hautakosea." Anataka shangazi mwenyewe, mikono yake, beseni, sambaza, ziwa asubuhi.

Nikaenda kumwona shangazi pale Kituku, bado anauza. Nikakaa naye, nikamweleza vizuri, mama, tunataka vile unavyokuwa kila siku, usibadili kitu, hicho hicho kikwembe. Nilikuwa najisikia relizatere mkubwa aliyekwisha kuelewa maisha. Akaomba nimwonyeshe kwanza ile klipu ya zamani. Nikaona haya, lakini nikamwonyesha, akaitazama yote, na mikono imejaa magamba ameishikilia simu kwa vidole viwili.

"Unataka batu bote banione na kikwembe ya samaki," akasema, "na uyu mutoto alipanda hii gari juu ya jina yangu?"

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Iyo gari iko wapi sasa?"

Nikatuma sauti Kampala nikamsimulia yote. Ikanijia moja ya sekunde kumi na moja, kumi za kwanza anacheka tu, halafu: "Yaya, tafuta Prado."